Wa Kumi na Tisa

Zamu ya usiku, Thunder Bay.
Nje ni thelathini chini ya sifuri,
maghala ya ngano yamesimama kando ya ziwa
na ziwa lenyewe limeacha kazi.
Mimi sijaacha. Nina wagonjwa ishirini na wawili,
ukumbi mrefu wenye milango pande mbili,
na sikio moja la ruhusa.

La kushoto ni la muziki.
La kulia ni la kengele: nani ana kiu,
nani ameamka anatafuta viatu
vya kiwanda kilichofungwa mwaka wa sabini na nane.
Kwa hiyo kidude cha kulia hukaa mfukoni
pamoja na glavu na peremende.

Nilianza kwa kutafuta kanuni.
Si zile za ukutani, nawa mikono, tia saini hapa.
Nasema kanuni ya nyuzi, ya kupakatwa,
aliyokuwa akiipiga Sefu, binamu yake mama,
huku akimkodolea macho anayechelewa kutunza.
Simu ikanipa. Kisha ikaanza umachinga:
ukipenda hii utapenda na hii, na hii, na hii.
Kizuri chajiuza, tulifundishwa,
kibaya chajitembeza. Basi saa nane usiku
nilitembezewa vibaya vya dunia nzima:
ngoma za kompyuta,
mtu ananong'ona juu ya mvua,
tangazo la magodoro.
Nikaruka, nikaruka, kidole kikafa ganzi.

Saa tisa na robo
ikaja kantele.
Jina sikulijua. Nilijua nyuzi tu:
kama kanuni iliyohamia baridini
ikasahau maneno, ikabaki na maana.
Mpigaji anaitwa Venla, picha yake ni kiwiko.
Amejirekodi jikoni; katikati ya wimbo
birika linachemka, naye hajali.
Chini ya jina: wasikilizaji kumi na saba.

Kumi na saba!
Hata kikundi chetu cha kuchangiana
kina watu zaidi, ingawa wanaotoa ni wanane.

Usiku wa pili, kumi na nane.
Nikajitambua.
Si kila siku mtu hujiona ndani ya hesabu.

Chumba cha tisa, Bi Aili Koskela.
Miezi minne hajatuambia neno
ila "hapana" na "dirisha".
Nilikuwa namgeuza ubavu,
wimbo ukavuja sikioni mwangu, tone tu,
akafumbua macho.
Akanyoosha mkono, si kwangu,
kwa sikio langu.
Nikakitoa kile cha mfukoni,
nikakipangusa kwa spiriti (kanuni ni kanuni),
nikamvika.

Najua unataka niseme alilia.
Hakulia. Alisikiliza mpaka kwenye birika,
akakunja uso kama mama mkwe aliyeonja mchuzi,
akasema, kwa Kiingereza kilichonyooka:
"Anakimbia. Mwambieni apunguze."
Kisha vidole vyake juu ya blanketi
vikaonyesha wapi.

Sijamwambia Venla. Ningemwandikia nini?
Kwamba kuna bibi ng'ambo ya bahari hajaridhika?

Lakini kila usiku, saa tisa na robo,
nakaa ukingoni mwa kitanda chake
dakika nne na sekunde kumi,
sikio langu tupu likilinda ukumbi.
Namba haijasogea, kumi na nane vilevile.
Mashine huhesabu simu.
Kidude cha pili hakijui kimekaa kwa nani.

Jana aligonga blanketi mara mbili.
Nikaelewa: rudisha.
Nikarudisha. Akagonga tena, nikarudisha tena,
kengele ya chumba cha nne ikasubiri kidogo, Mungu anisamehe,
na hapo, pumzi mbili kabla ya birika,
uzi mmoja unatangulia wenzake.

Sasa hata mimi nausikia.