Mbili, Moja, Tatu

Hapa Kigoma ndipo reli inapochoka.
Vyuma viwili vinafika kwenye kizuizi cha zege,
halafu nyasi, mbuzi wa mtu wa Kibirizi, halafu ziwa.
Baba alilipwa miaka thelathini na mmoja
kupita na nyundo chini ya mabehewa
akisikiliza.

Alikuwa na maneno yake, wala si amri kwa mtu:
"Uko, uko, aisee, gonga, gonga, gonga."
Tena na tena, hadi behewa la mwisho.
Ntakije, karani wa mizigo, alicheka:
Kilahumba anaongea na vyuma,
na maneno yake hayajawahi kupakua hata gunia la dagaa.

Kwenye ncha za kromosomu, tulifundishwa chuoni,
hakuna habari. Herufi sita tu, zinarudiwa,
kama fundo mwishoni mwa uzi.
Kumbe pana mnong'ono.
Seli huzinakili herufi zile kwa RNA,
U, U, A, G, G, G,
na uzi huo hauendi kiwandani kufuma protini.
Haubebi chochote.
Unabaki jirani na ulipozaliwa, unaikumbatia ncha,
unasaidia isidhaniwe ni mahali palipokatika,
mafundi wa seli wasije wakaiunga
na reli isiyo yake.

Siku niliyoziandika ubaoni, Kidato cha Sita,
chaki ilinigandia mkononi.
Uko. Uko. Aisee.
Nikawaambia wanafunzi wasome kimya.

Seli ikigawanyika, ncha hupungua.
Ikifupika mno, mnong'ono huweza kuzidi;
wamepima waliopima, nami sibishi.

Baba naye amefupika. Shati la kazi linamvaa yeye.
Februari alisahau jina langu,
Mei akasahau la mama,
lakini kila jioni anagonga ukingo wa kitanda
kwa kifundo cha kidole, na midomo inakwenda.
Daktari wa Maweni ameandika kwenye cheti:
*Anaropoka. Maneno hayana maana.*
Nimekikunja, nimekiweka chini ya mguu wa meza
unaocheza.

Usiku huu nimeketi miguuni pake, nahesabu.
Mbili. Moja.
Anasita baada ya "aisee",
macho yako kwenye dari, kidole kiko hewani.
Nangoja. Mbwa wa Gungu wanabweka, wananyamaza.
Mimi, niliyezoea kusahihisha kwa kalamu nyekundu,
nagonga tatu zilizobaki.