Miji Niliyokupa

Masanduku arobaini na mawili yamesalimu amri
kwenye rafu hii, hapa Odawara.
Moja kwa msukumo wa kidole gumba,
jingine kwa hatua sabini na mbili
nilizoziandika nyuma ya tiketi za garimoshi.
Wewe, la arobaini na tatu, hapana.

Miaka kumi na moja nakupapasa.
Masika unavimba, unanuna,
ubao hausogei hata unywele.
Januari, hewa ikikauka, ubavu wa kushoto
unateleza kidogo,
halafu unakataa.
Na ndani kitu kinagonga: ko.
Pete, nilidhani.
Au jino la kwanza la mtoto wa fundi.

Kitendawili kikinishinda natoa mji, sina choyo.
Nilikupa Kobe. Ukala, ukanyamaza.
Nikakupa Nagasaki na kengele zake.
Nikakupa Morioka, theluji na yote.

Jana Kinuyo alikupindua kifudifudi
akufute vumbi chini.
Ukaachia.
Mtoto wa meza akatoka, mtupu,
ananuka gundi na vumbi la msumeno,
na kile kilichokuwa kikigonga
ni kijiti, kama punje ya mchele,
kinachoangukia tunduni mwake
kila ukiwekwa wima.
Kumbe kila nilipokuinua nikutikise, nisikilize,
nilikuwa nakufunga.

Kinuyo hakucheka. Aliomba tu nisogeze kiwiko,
rafu haijaisha.

Basi nirudishie miji yangu.
Morioka baki nayo:
magoti haya hayaiwezi baridi ile.