Sanduku la Viazi Kutoka Kusini

Limefika Jumanne, theluji ikiwa magotini,
limefungwa kamba mara tatu, kawaida ya shemeji Itsuko
asiyeamini posta wala gundi.
Ndani, viazi vitamu ishirini na kimoja,
ngozi zambarau, udongo wa Kagoshima umekaukia kwenye mikunjo,
na kikaratasi: Usivilaze baridini. Havijazoea.

Tamae amelazwa. Nyonga, ngazi, barafu: ndiyo habari yote.
Miaka arobaini na miwili jiko lilikuwa lake.
Mimi nilikata tiketi stesheni ya Yokote.
Najua dakika za kila treni,
sijui dakika za kiazi.

Cha kwanza nilikiweka kwenye moto mkali,
kama mtu anayekimbizwa.
Haraka yangu haikupata baraka:
nje kaa, ndani kigumu kama kichwa cha nyundo.
Nikatoka nyuma ya nyumba, nikakifukia thelujini,
vile paka anavyofukia aibu yake.

Jioni nikapiga simu. Sikusema neno juu ya kiazi.
Akauliza, "Umefungua madirisha?"
Nikasema ndiyo.
"Basi umeunguza."

Akanifundisha kwa sauti ya chini,
mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amelala:
Chukua gazeti, uliloweshe. La jana; la leo hujalisoma.
Kivishe kiazi, kisha foili juu yake.
Kiweke juu ya hita ya mafuta ya taa, ile ya sebuleni,
ukigeuze kila unapokumbuka.
Usikibinyebinye. Si mtoto wa jirani.
Harufu itakuja kwanza ya udongo,
halafu ya karatasi,
halafu utajua mwenyewe.
Wewe uliyeingojea treni ya saa kumi na moja na dakika saba
maisha yako yote, unashindwa kungojea kiazi?

Nikangoja. Birika kando yake likinung'unika,
vioo vya dirisha vikatoka jasho.
Nilipokimega, mvuke ukaniziba miwani,
nikawa kipofu mwenye bahati.
Kiini cha yai, ile rangi; na ukingoni
tone la sukari nyeusi, limejitokea lenyewe.
Nilikula nimesimama.
Nilikula na maganda.

Tangu hapo, kila jioni simu na kiazi.
Alhamisi, vipande kama dadu ndani ya sufuria ya wali,
chumvi kidogo, ufuta mweusi juu.
("Mchele umeosha?" "Nimeosha."
"Mara ngapi?" Nikadanganya.)
Ijumaa, supu ya miso na majani ya kitunguu;
siku hiyo nilijisifu mpaka kadi ya simu yake ikaisha.
Jumamosi, vya kukaanga, vya kuviringisha kwenye shira:
shira ikagandia mwiko,
mwiko ukagandia meza,
nami nikacheka peke yangu katika nyumba ile,
nikacheka hadi kicheko kikageuka kitu kingine,
nikazima jiko.

Jumapili nimeamka kabla ya magari ya kuzoa theluji.
Nimechagua kimoja, kinene, kilichopinda kama kidole gumba.
Nimekichoma kwa adabu zote.
Nimekifunga taulo, nimekitia ndani ya koti, upande wa moyo.
Basi limechelewa dakika kumi na nne.
Kwa mara ya kwanza sikutazama saa.
Binti aliyekaa kando yangu akainua pua,
akanitazama, akatazama koti,
akasogea karibu kidogo.

Tamae amekipokea kwa mikono miwili.
Amekipima uzito. Amekinusa kichwani na mkiani.
Amekimega, nusu kubwa akanipa.
"Ulikigeuza mara ngapi?"
"Kila nilipokumbuka."
Akatafuna. Akatazama dari.
Akatafuna tena, polepole, kama anayesoma barua.
"Kimekosa dakika tano," akasema,
akanyoosha mkono
akachukua na nusu yangu.