Zamu ya Usiku, Barabara ya Kibos

Miaka kumi na mmoja nimelinda ghala la sukari:
tochi, rungu, filimbi, na kitabu cha zamu
ambamo huandika, Saa nane. Hakuna tukio.
Sijawahi kulala kazini.

Basi daktari alipoichora figo ya Ayuma
nyuma ya karatasi ya maabara,
kama haragwe, na ndani yake vichujio
"milioni moja hivi, kila kimoja kidogo kuliko punje ya sukari,"
akasema, "Baba, wanaovibomoa ni askari,"
nilidhani anaitania sare yangu.

Hakutania.
Ilianzia kooni, wiki tatu zilizopita, mvua ikinyesha,
koo tulilolitibu kwa tangawizi na limau.
Adui alikuja, akapigwa, akaenda zake.
Ila vipande vyake, vingali na pingu,
vilisombwa na damu hadi figoni, vikanasa
kama maganda ya miwa kwenye mtaro wa Kibos.
Na chembe nyeupe zikishaona pingu
hazimuulizi mtu jina.

Nikatazama viatu vyangu.
Kulikuwa na kijana wa maziwa, Okumbe.
Alfajiri moja tulipuliza filimbi: mwizi!
Mwizi alikwisha kuruka ukuta.
Tukamkuta huyu kichochoroni na debe lake.
Maziwa yakashuka mtaroni yakibadilika rangi.
Kitabuni niliandika, Hakuna tukio.

Sasa mwanangu huamka macho yamevimba
kama aliyelia usiku kucha, naye hakulia.
Mkojo wake chai ya rangi.
Omena isiyo na chumvi anaitazama,
kisha ananitazama mimi.

Vidonge ni vyeupe, vichungu.
"Kazi yake nini?"
"Kuwalaza askari."
Wasife, walale tu,
mpaka figo ipate kuvuta pumzi.

Mimi, ninayelipwa nisisinzie,
nimeinama juu ya kitanda cha wodi ya watoto
nikinong'oneza ubavu wa binti yangu:
Laleni, jamaa. Mwizi kaondoka zamani.
Mnampiga mwenye nyumba.

Nesi amepita na chupa.
Naimulika kwa tochi ya kampuni.
Labda ni macho yangu, labda ni betri,
chai imeongezwa maji kidogo.
Kitabu nimekiacha getini. Naandika kiganjani,
Saa kumi na robo,
halafu kalamu inasimama,
sijui niandike nini.