Namba Kumi na Moja

Skrubu ya nne ilikuwa na kutu.
Nikaibembeleza kwa mafuta ya cherehani,
shangazi Skaidrite kanishikia tochi,
na bati lilipoachia
kompyuta ikatupigia chafya usoni:
vumbi la miaka ishirini na sita,
manyoya ya paka aliyekwisha kufa,
sindano moja ya kufumia.
"Kumbe ilikuwa humo," akasema, akaitia mfukoni.

Nje, Aluksne yote imezibwa na theluji.
Ziwa limelala chini ya kifuniko chake
na unene wa kifuniko hicho shangazi anaujua:
kila Jumamosi ya baridi, tangu enzi za Uldis,
hutoboa tundu, huteremsha rula,
hurudi na namba imeandikwa kwenye glavu,
huichapa humu.
Sentimita thelathini na nne. Arubaini na moja.
Upo mwaka wenye sufuri tupu; hataki kuuzungumzia.

Sasa chuo kule Riga kinaziomba namba zote,
na mashine hii haina pa kuchomeka flashi,
mdomo wake wa disketi unatafuna kuliko unavyosoma.
Kuzinakili kwa mkono?
"Macho yangu yana miaka themanini," alisema kwenye simu.
"Njoo wewe."

Kadi ya mtandao ilikuwepo miaka yote
ndani ya boksi lake, nyuma ya mitungi ya matango ya siki.
Uldis aliinunua mwaka wa tisini na nane
kwa nusu ya mshahara,
na haikuwahi kumtamkia neno.
Nikayasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli,
nikaikandamiza katika mwanya wake
kwa vidole gumba viwili, pumzi nimeibana,
mpaka ikalia: kak.

Kisha kiendeshi.
Nilimweleza: huyu si dereva wa usukani na leseni,
ni mkalimani. Bila yeye
kadi na mashine ni wageni wawili kwenye benchi moja,
kila mmoja anamngoja mwenziwe aanze salamu.
"Kama mimi na mavyaa yangu," akasema.

Disketi ikakoroma, ikasita, ikakoroma.
Asilimia tisini. Tisini.
Shangazi akaenda kuinjika birika, akarudi: tisini.
Halafu kioo kikageuka buluu na kutoa hukumu: mgongano.
Kadi ya sauti imeikalia namba tano
na hii nayo haitaki nyingine ila tano.
Mafahali wawili, zizi moja,
na zizi lenyewe la bati.

Ndipo nikaiona karatasi chini ya boksi,
mwandiko wa Uldis, wima kama ua wa miti:

Tano: hapana.
Saba: hapana.
Kumi: hapana, na printa nayo imegoma.
Kumi na moja:

Basi. Nukta mbili, kisha weupe.
"Aliitwa mezani?" nikauliza.
"Aliitwa," akasema,
na hakuniambia na nani.

Kuhama namba ni kuhamisha kofia ya plastiki,
nyeusi, ndogo kama punje ya shayiri,
kuivua pini hizi na kuivisha pini zile.
Ikaniponyoka.
Tukapiga magoti zuliani, mimi na yeye na tochi,
tukipapasa kama watu waliopoteza jino,
mpaka akaguta: "Hii hapa! Imenichoma goti."

Nikawasha.
Nyuma ya mashine, taa ya kijani
ikapepesa, ikatulia, ikapepesa.
Nikaiamuru iite. Ikaita,
na kutoka laptopu yangu, nusu mita mezani,
majibu manne yakarudi, yamefuatana kama bata.

Faili likaondoka kabla chai haijapoa:
majira yote yale ya barafu, sekunde tatu.
Nilidhani atacheka. Aliuliza tu
kama namba zimebaki na humu pia.
Zimebaki.
"Vyema."

Akachukua penseli, akalamba ncha,
akaivuta karatasi karibu na taa
na mbele ya zile nukta mbili akaandika: ndiyo.

Kisha akatafuta buti zake.
Ilikuwa Jumamosi.