Nafasi ya Mwajiri

Mwanasha kaleta fomu ya shule, imekunjwa mara nne,
ina doa la ubuyu pembeni.
Jina la mzazi: kaandika mwenyewe, herufi zinapanda mlima.
Simu: kaandika.
Kazi: kaniangalia.
Mwajiri: vidoto vitupu, vimejipanga kama sisimizi
wanaongoja kitu kidondoke.

"Mama, hapa niandike nani?"

Nipe kalamu, mwanangu. Kaoge.

Miaka kumi na mmoja ningejibu kabla hujamaliza kuuliza:
kiwanda cha kamba, idara ya hesabu, meza ya tatu toka dirishani.
Kila tarehe ishirini na sita simu ililia mlio mfupi,
na mwenye nyumba wa Makorora akaniamkia kwa jina langu lote.
Niwe mzima, niwe na homa, mshahara haukuuliza.
Wino haukuwa wangu, feni haikuwa yangu,
hata makosa, ukiyachunguza, yalikuwa ya kampuni.

Haikuwa yangu pia saa nne ya Jumanne ile,
mama alipoanguka bafuni kule Muheza.
Niliandika barua ya ruhusa. Ikapanda kwa msimamizi,
msimamizi akaipandisha, ikalala huko juu,
kesho yake ikashuka na mhuri: Imekubaliwa.
Nilifika nayo mkobani,
nikakutana na wanaume wanarudi makaburini, majembe begani.

Sikuacha kazi siku hiyo.
Ushujaa huo ni wa watu wasiodaiwa ada.
Niliacha baada ya miezi kumi na minne, kwa barua ya mistari miwili.

Sasa nina baiskeli, na daftari tisa kwenye keria,
na barabara za Ngamiani zina namba,
kana kwamba zilijua ipo siku atapita mhasibu.
Ya saba: Kassamali wa spea, anayeficha risiti ndani ya kofia.
Ya kumi na mbili: Shemdoe wa mabati.
"Njoo Ijumaa, dada." Hajataja ya mwezi gani.
Ya ishirini: famasi ya Mama Kihiyo,
hulipa siku hiyo hiyo, na kuniongezea panadoli,
nami nazihitaji.

Nilimkimbia bosi mmoja nikaangukia tisa.
Wa kumi yumo humu kifuani, hana likizo,
huniamsha saa tisa usiku:
Mbona Februari haijakaa sawa?

Mwaka jana homa ya matumbo ilinilaza siku kumi na mbili.
Bombo dirishani wakaniuliza kadi ya bima.
Kadi niliirudisha zamani, pamoja na ufunguo wa kabati.
Maduka yaliuza, daftari zililala,
na mwisho wa mwezi, kwenye mapato yangu, nikaandika sifuri,
duara safi kabisa. Mkono haukutetemeka.

Wanasema mgaagaa na upwa hali wali mkavu.
Kweli.
Ila zipo siku ana kitoweo, na wali hana.

Halafu ipo ile Jumatano, Mwanasha,
ulipokimbia na yai kwenye kijiko, ukaanguka, ukacheka.
Nilikuwepo. Kiti cha plastiki, saa nne asubuhi,
na sikuwa nimemwomba mtu.
Hiyo niiandike safu gani? Kwa bei gani?
Hesabu niliyosomea haina mstari wake.

Jana Semkiwa wa meza ya pili kanipigia:
"Meza yako iko wazi. Wameweka na feni mpya."
Nikamwambia nitafikiri.
Sikumdanganya.

Amerudi, maji yanamchuruzika masikioni.
Kwenye kazi nimeandika: Mhasibu.
Kwenye mwajiri nimeviacha vidoto vyao.
Kachungulia, kakunja uso.
"Mwalimu atasema hujamaliza."

Mwambie hajakosea.