Ikifa, Inakufa na Nani

Ussi Pandu alikuja gereji kwangu Mwanakwerekwe
na karatasi aliyoikunja mara nane.
Akasema: Bi Mwatima, naunda ndege.
Nikasema: kaa kwanza, unywe chai.

Lakini hakuwa na homa. Kule Fuoni, nyuma ya nyumba,
chini ya mabati yaliyokuwa ya kuku,
ilikuwepo: mbawa mbili za alumini, viti viwili,
injini imefunikwa kanga ya mkewe,
na kanga imeandikwa USINIPANGIE SAFARI.

Mchoro wake wa umeme ulipendeza kama hina ya bi harusi.
Betri moja. Swichi kuu moja.
Kutoka hapo waya mmoja mwekundu
unawalisha wote kwa sinia moja:
redio, taa, geji ya mafuta, pampu,
na cheche zenyewe za injini.

Nikaweka kidole juu ya ule waya.
"Huu ukikatika?"
"Haukatiki, nimenunua mnene."
"Ukikatika?"
"Inshallah hautakatika."
"Inshallah, na mimi nimeitikia. Sasa nijibu."

Kimya. Kuku mmoja asiyejua kwamba kahamishwa
akapita chini ya bawa.

Nikamkumbusha ile miezi ya giza,
kisiwa kizima kimening'inia kwenye waya mmoja
wa chini ya bahari, mpaka ulipokata roho.
Nilikuwa mwanagenzi, nikichaji simu za mtaa kwa betri ya lori,
na mama akipanda ngazi za Michenzani, ghorofa ya nne,
ndoo kichwani, kila kidato na tusi lake.
Waya ule nao ulikuwa mnene, Ussi.
Usiniulize kitu kitakufa lini. Kitakufa.
Niulize kikifa, kinakufa na nani.

Tukachora upya, wiki nne, baada ya isha.
Cheche na pampu zikapewa nyumba yao:
mlango wa mbele kwa alteneta,
mlango wa uani kwa betri ndogo, wageni hawaujui,
na diodi mlangoni, bawabu mkaidi:
umeme unaingia, hautoki.
Taa ikapata fyuzi yake
ili iweze kuungua peke yake, kama mtu mzima,
bila kumvuta jirani.

Nikapasua waya wa Vespa iliyonifia gerejini, nikamwonesha:
shaba imeota ukijani ndani ya ngozi nzima.
Chumvi ya huku haina haraka, ina miaka.
Akaagiza waya wenye koti la bati. Akauza friji.
Bi Zuwena hakusema neno siku tatu.

Kila kichwa cha waya tulikibana, tukakivuta.
Cha kwanza cha Ussi kilitoka kama jino la mtoto.
Cha pili pia.
Cha tatu tulivuta sote wawili, ndara zikateleza,
kikabaki.

Siku ya kujaribu tulifunga mkia kwenye mnazi.
Nikazima alteneta. Injini inanguruma.
Nikazima betri kuu. Redio ikanyamaza, taa zikafa,
injini inanguruma.
Hakuna kilichotokea,
na wiki nne zote nilikuwa nikikijenga hicho,
kutotokea.
Ussi akifuta macho, ati ni moshi.

Injini ilipopoa, Bi Zuwena alikuja kudai kanga yake.
Alinisikiliza yote: milango, bawabu, jirani.
Kisha akamtazama mumewe, miaka hamsini na tisa,
vidonge vya presha mfuko wa shati.
"Na huyu," akauliza, "akikatika?"

Nilikuwa na koleo mkononi. Jawabu sikuwa nalo.
Akajifunga kanga kiunoni, akapanda kiti cha pili,
akapapasa chini ya dashibodi, kwenye kiza.
"Nioneshe," akasema, "huo mlango wa uani."